Mpakato

Jina lake peke yake lilitosha kutuonya:
mpakato, kitu cha kupakatwa,
kama mtoto mchanga, kama ungo wa mchele unaotolewa mawe.
Mimi nikakiweka juu ya jiko.

Jiko lilikuwa baridi, na meza hatuna.
Chumba chetu cha Beverley Road, mjini Hull,
kina madirisha mawili, kochi la kuokota,
na baridi yake mwenyewe.

Shaweji akarudi alfajiri kutoka kiwandani,
wanakounda nyumba za magurudumu kwa watu wa likizo.
Vidole vimekufa ganzi, Januari hiyo. Akataka chai.
Vifundo vinne, vyote vyeupe, alama zimefutika
kwa kusuguliwa na wapangaji waliotutangulia.
Akageuza kimoja, birika akaliweka kwingine,
akaenda kuvua buti.

Kwanza harufu. Kisha king'ora.
Kisha Bi Doreen wa juu, akitwanga sakafu yake kwa mpini wa fagio.

Tumbo la mashine lilikuwa limechorwa pete tatu,
moja ndani ya nyingine,
plastiki imeumuka ukingoni kama andazi.
Na humo ndani miezi yangu saba ya masomo,
mifereji yote ya maji machafu ya mji huu, mtaa kwa mtaa.
Yeye hakusema kitu. Mimi nilisema mengi.
Nilisema hadi ya mahari.

Siku mbili tukapishana mlangoni kama wapangaji.

Jumamosi likaja ganda, kwa posta, kutoka Wigan:
la mashine iliyokufa, ya toleo lile lile,
pauni kumi na moja,
limeviringishwa gazeti la mbio za farasi.
Ganda la muwa la jana, na chungu ndiye mimi.
Ubavuni mtu alikuwa amebandika karatasi:
Mali ya Gareth, chumba cha sita, usiguse.
Nimegusa, Gareth. Niwie radhi.

Skrubu kumi na tatu.
Nilizipanga kwenye kifuniko cha siagi,
fupi mbali na ndefu, kila moja na ilikotoka.
Mbili zilikuwa zimezama kwenye plastiki iliyoyeyuka;
nikazichimbua kwa ncha ya kisu, pumzi nimeibana,
kama unavyomtoa mwiba mtoto asiyetulia.

Ndipo mwanga ukanijia begani.
Sikugeuka. Nilijua amesimama na simu yake,
tochi imewashwa, hata kukohoa hakohoi.
"Kushoto kidogo," nikamwambia.
Neno letu la kwanza tangu Alhamisi.
Akasogea kushoto kidogo.

Betri haikuvimba, alhamdulillahi.
Bodi ilikuwa nzima, kijani kibichi,
kana kwamba haikusikia ugomvi wowote.
Feni tu ndiyo iliyopinda bapa moja.
Nikaipangusa vumbi kwa mswaki wake wa zamani,
nikalinyoosha bapa kwa kucha.
"Itapona?" akauliza,
kwa sauti ya mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo.
"Shika tochi," nikasema.

Iliwaka mara ya tatu.
Sasa feni inapiga mluzi mwembamba usiku kucha,
ganda la Gareth linapwaya kona ya kulia,
na herufi S inagoma:
nikiandika samehe inatoka amehe,
hadi nirudi nyuma nibonyeze tena, kwa nguvu.

Ganda la zamani sikulitupa. Shaweji kaligeuza sinia.
Pete ya ndani ni saizi ya kikombe chake, haswa,
kinakaa humo hakiyumbi.

Na jana, nikipasha maharage,
nimekuta kwenye kifundo kimoja cha jiko
tone jekundu la rangi yangu ya kucha, ile ya harusi.
Hakuniomba.
Tena kakosea: hicho ni kifundo cha sahani ya nyuma.

Nikaifuata ile chupa,
nikapaka na cha mbele.